Maua ya peasi yamekuwa meusi: ni baridi au ni bakteria?

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Lushoto ambaye sasa anafanya kazi kwenye shamba la matufaha na peasi kaskazini mwa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Mwaka huu maua yetu yalifunguka mwanzoni mwa Mei. Usiku wa tarehe 9 baridi iligandisha. Halafu tarehe 12 hadi 14 likaja joto, tukashinda na fulana tu, na tarehe 15 kukanyesha manyunyu. Tarehe 27 nikaona vishada vya maua vimekuwa vyeusi kwenye mistari ya peasi aina ya Bartlett, baadaye na kwenye matufaha ya Gala. Msimamizi akasema ni baridi ile. Nilipobisha, akakata kitawi kilichokauka, akakipima kwa ule utepe wa kupimia ugonjwa, ukatoka mstari mmoja, akasema hamna kitu. Siku sita baadaye ncha za machipukizi zimeanza kupinda. Nitajuaje kama ni bakteria kabla shamba halijateketea? Na je, Desemba naweza kwenda nyumbani na vikonyo vya Gala nikabebeshe kule?"

Marahaba, mdogo wangu. Hukukosea kubisha. Kwa ulivyoeleza, hapa nawashuku bakteria kuliko baridi. Lakini msimamizi wako hawezi kukata matawi ya mistari mizima kwa sababu mtu wa mbali ameshuku tu, kwa hiyo tutafute ushahidi wa kumwekea mezani.

Ugonjwa wenyewe hapo kazini mnauita fayablaiti. Kiswahili hakijaupa jina lililozoeleka. Mimi huuita muunguo, maana mti huonekana kama mtu kaupitishia moto wa kibatari: majani yamekauka, meusi kwenye peasi na ya hudhurungi kwenye tufaha, lakini hayadondoki. (Wasomaji wa pwani wasinichanganye: peasi si pera. Pera tunalijua sote, lina mbegu nyingi katikati. Peasi ni lile tunda la milimani lenye shingo. Na tufaha hapa ni lile ambalo sokoni siku hizi wanaliita epo.) Kisababishi ni bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Marekani ndiko kwao. Mkulima William Denning aliuona ugonjwa huu mwaka 1780 kwenye bonde la mto Hudson, New York, na kwa miaka mia moja baada yake watu walilaumu wadudu, jua, radi, na utomvu ulioganda kwa baridi. Ndiyo, baridi. Msimamizi wako yuko kwenye msafara mrefu. Ni mwaka 1880 ndipo Thomas Burrill, mwalimu wa chuo huko Illinois, alipoeleza kwamba ndani ya matawi yaliyoungua kuna bakteria, na kwamba ukiwachukua ukawapandikiza kwenye mti mzima, nao unaungua. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa mimea kujulikana kwamba unaletwa na bakteria.

Sasa tuanze na tarehe, kwa sababu barua yako imezitaja vizuri kuliko ripoti nyingi ninazoletewa na watu wenye vyeo.

Ua lililouawa na jalidi halingoji. Siku moja au mbili baada ya usiku ule, ukilipasua katikati unakuta sehemu yake ya kike imekuwa nyeusi hata kama petali bado ni nyeupe. Tena baridi ina mpangilio wake: hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama bondeni, kwa hiyo madhara huwa makubwa sehemu za chini za shamba na hupungua ukipanda. Wewe umeona weusi siku 18 baada ya baridi. Hebu jiulize ulikuwa wapi muda wote huo kama baridi ndiyo yenye kosa.

Upande wa bakteria hesabu ni nyingine. Wakati wa majira ya baridi hujificha pembezoni mwa vidonda vya zamani kwenye gome. Joto likirudi, kidonda hutoa ute, nzi na matone ya mvua huupeleka kwenye maua ya kwanza, na kutoka hapo nyuki wanamaliza kazi. Merton Waite alionyesha jambo hilo tangu mwaka 1891. Juu ya ua bakteria hukaa kwenye stigma, pale chavua inapotua, na huzaliana kwa kasi kukiwa na joto. Ua moja linaweza kubeba milioni moja yao huku likionekana zuri kabisa, nyuki anaingia na kutoka. Hawawezi kupenya pale. Wanasubiri maji ya kuwateremsha hadi chini ya ua, kwenye vitundu vidogo vinavyotoa nekta, na huko ndiko mlango ulipo.

Ndiyo maana watabiri wa ugonjwa huu huangalia mambo manne yakutane: ua lililo wazi na petali zake bado zipo, joto la kutosha lililojikusanya tangu ua la kwanza lifunguke, umande au mvua, hata robo milimita inatosha, na wastani wa joto la siku hiyo usiopungua nyuzi 15.6 za Selsiasi. Huo ndio mfumo wa Maryblyt, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Maryland. Joto la kujikusanya hupimwa hivi: kila saa, toa 18.3 kwenye joto la saa hiyo, jumlisha kinachobaki. Jumla ikifika 110, maua yamejaa bakteria vya kutosha. Kama siku zako za fulana zilikuwa na saa nane za nyuzi 24, kila siku ilikupa karibu 46, na siku tatu zikakupa zaidi ya 130. Ndipo yakaja manyunyu ya tarehe 15.

Hesabu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inakuambia siku ya kwenda kuangalia. Kuanzia siku ya maambukizi, chukua wastani wa joto la kila siku, toa 12.7, jumlisha. Ukifika 57, dalili zinatoka. Kwa siku zenye wastani wa nyuzi 17 na nusu, unapata karibu 5 kila siku, yaani siku 12. Kumi na tano na kumi na mbili ni ngapi? Ulipoona weusi tarehe 27 ulikuwa umeutembelea ugonjwa siku yake ya kwanza sokoni. Hesabu hii haithibitishi kitu peke yake, ila nimeshaona mara nyingi watu wakiingia shambani na kurudi mikono mitupu kwa sababu walikwenda siku nne mapema, wakatangaza shamba ni safi, wakalala.

Namna ya kuangalia nayo ina adabu yake. Nenda asubuhi, umande haujakauka, jua likiwa mgongoni mwako. Pita mstari kwa kasi ya mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Anza na miti iliyo karibu na vidonda vya zamani, na miti michanga iliyopandwa mwaka huu, ambayo huchelewa kutoa maua na hivyo maua yake hukutana na joto kali. Bartlett huwa na tabia ya kutoa vishada vichache vya nyongeza wiki kadhaa baada ya maua makuu, hivyo usivipuuze. Usitafute jeusi. Jeusi utaliona tu, hata kwenye gari. Tafuta kijivu-kijani chenye sura ya kulowa, kama jani la mchicha lililoguswa na maji ya moto, kuanzia chini ya ua na kushuka kwenye kikonyo chake. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na hudumu siku moja au mbili tu kabla ya kugeuka hudhurungi.

Kisha tafuta ute. Hapa kaa, usiharakishe. Kunja kishada upande wa jua, weka lenzi ya mkono. Kwenye kikonyo cha ua au kwenye ngozi ya kitunda kichanga chenye ukubwa wa punje ya njegere utaona tone dogo, jeupe kama tui likiwa jipya, la rangi ya asali likikaa. Ukiligusa kwa kijiti linavutika. Wakati mwingine halitoki kama tone bali kama nyuzi nyembamba sana zinazong'aa, na upepo ukivuma zinakatika na kwenda. Mchana likikauka hubaki mng'ao kama mtu kapaka vanishi. Baridi haitoi ute. Kuna bakteria mwingine, Pseudomonas syringae, anayependa kuvamia maua ya peasi baada ya jalidi na kuyafanya meusi vilevile. Naye hatoi ute, na kwa kawaida huishia kwenye kishada, hashuki ndani ya tawi. Kwa hiyo msimamizi wako angeweza kuwa sahihi nusu: baridi ingeweza kumfungulia mlango huyo wa pili. Lakini huyo hapindi machipukizi.

Na machipukizi yako yamepinda. Ncha laini ikipoteza maji huinama na kufanya kama mpini wa bakora, majani yakiwa bado yameshikilia. Ukame huinamisha machipukizi yote ya mti kwa pamoja, na ukimwagilia yanainuka. Muunguo huchagua: hili limepinda, jirani yake limesimama wima kama askari. Ukiona limepinda, fuata tawi kwa kidole kwenda chini hadi kwenye shina lake. Ukikuta chini kabisa kuna kidonda chenye vijipele vya rangi ya chungwa, basi ni kuvu aitwaye Nectria, ambaye hukaba tawi kutoka chini. Ukikuta tundu la mdudu na unga wa mbao, una jibu jingine. Kama ni muunguo, utafika kwenye kishada kilichokufa au hutakuta kidonda chochote, ila weusi unaoshuka kutoka nchani.

Hapo toa kisu. Chana gome juu juu kwa urefu wa kidole, kuanzia sehemu iliyokufa kwenda kwenye sehemu iliyo hai. Ndani ya gome lenye afya kuna kijani cheupe. Kwenye muunguo utaona michirizi ya wekundu wa kahawia ikitangulia mbele, kama chai inayoenea kwenye kitambaa, na sehemu inayolowa. Mahali michirizi inapokoma ndipo macho yako yanapokoma, lakini bakteria wamepita hapo, mara nyingi kwa zaidi ya urefu wa shubiri, kimya. Kumbuka mpaka huo, tutaurudia.

Na futa kisu kwa spiriti kila unapohama mti. Nasema kwa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichana miti kumi na miwili mfululizo kwa kisu kimoja, nikapima, yote ikatoka na ugonjwa, nikaandika ripoti ya kutisha. Mwenye shamba mzee akaniuliza swali moja tu: "Ulifuta kisu?" Baada ya wiki tatu miti kadhaa iliyokuwa mizima ikawa migonjwa kweli, pale pale nilipochana.

Sasa utepe. Unafanya kazi kama kipimo cha haraka cha malaria au cha ujauzito: unaponda kipande cha mti kwenye kimiminika chake, unachovya utepe, unasubiri dakika kumi hadi kumi na tano, mstari mmoja ni wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, wa pili ni wa bakteria. Ni kifaa kizuri sana. Tatizo ni kile alichokiponda. Kitawi kikavu cheusi ni kaburi: bakteria wengi wameshakufa au wamehama kwenda mbele, na kuvu wa kuozesha wameingia. Utepe nao unahitaji wingi, kwa kawaida laki moja au zaidi katika kila mililita ya kimiminika. Ukiponda kitu kikavu, au jani zima lisilo na dalili, unaweza kupata mstari mmoja kwenye mti unaokufa. Rudia kipimo, safari hii ukichukua kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kwenye mpaka ule wa michirizi, nusu mgonjwa nusu mzima, au tone la ute lenyewe. Chukua kwenye miti mitatu tofauti. Kukitoka mistari miwili, mjadala na msimamizi umekwisha.

Ukitoka mmoja hata hapo, peleka maabara. Uko karibu: Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina maabara yake ya kuchunguza magonjwa ya mimea. Kata matawi yenye urefu wa sentimita 30 hivi yenye mpaka wa ugonjwa ndani yake, weka kwenye mfuko bila kitambaa kilicholowa, maana unyevu huozesha sampuli njiani, hifadhi pa baridi, tuma Jumatatu au Jumanne. Sampuli ya Ijumaa hukaa posta mwisho wa wiki na kufika ikiwa supu. Wao watatumia PCR, inayotafuta chembe za urithi za bakteria na hukamata hata wachache mno, na watamwotesha kwenye sahani. Waombe hilo la kuotesha kwa makusudi, kwa sababu utepe na PCR havitakuambia kama huyo mliye naye anakufa kwa streptomaisini. Michigan iligundua bakteria sugu kwa dawa hiyo mwaka 1990, na kupuliza dawa isiyomuua ni kumwaga pesa.

Kuna kipimo cha kizamani ambacho bado nakipenda. Chukua peasi changa, ngumu, ya kijani, ioshe kwa jiki iliyozimuliwa, suuza, kata kipande, kichome kwa sindano iliyogusa ute unaoushuku, kiweke kwenye chombo chenye unyevu na joto la chumba. Ndani ya siku chache, kama ni yeye, pale ulipochoma patalowa, patakuwa peusi, na matone meupe yatasimama juu ya tunda kama jasho la uso. Si kipimo cha kupeleka mahakamani. Lakini mwonyeshe mtu anayebisha.

Wakati unasubiri majibu, usikae. Siku kavu, kata machipukizi yaliyopinda angalau sentimita 30 chini ya mpaka ulioonekana, kwenye mbao ya miaka miwili, yatoe shambani. Mambo ya dawa mwachie mwenye leseni. Kusubiri kuna gharama: mwezi Mei 2000, kusini magharibi mwa jimbo hilohilo, joto na unyevu vilikutana wakati wa maua na hasara ikakadiriwa dola milioni 42. Mvua ya mawe ikipiga, anza upya ukaguzi wote, maana kila jeraha la jiwe ni mlango, na safari hii hawahitaji ua.

Jambo moja ambalo wengi husahau, nawe una Gala: uliza mmebebesha juu ya shina gani la chini. Kama ni M.9 au M.26, yale mashina mafupi yaliyotoka Uingereza, bakteria anaweza kushuka ndani ya mti kutoka kwenye chipukizi moja hadi chini ya kiungo cha kubebeshea, bila matawi ya katikati kuonyesha lolote. Mwishoni mwa Agosti, pita tena. Mti ambao majani yake yanageuka mekundu mapema kuliko wenzake, piga magoti, safisha udongo kwenye kiungo, chana gome la chini. Michirizi ikiwepo chini na juu hakuna, mti huo hautavuka mwaka. Mashina ya Geneva, kama G.41 na G.11, hustahimili vizuri zaidi, ila hilo ni la kujua wakati wa kununua miche, si sasa.

Vikonyo vya Desemba, yaani vile vipande vya tawi vya kubebeshea. Hapana, na sitalainisha. Umesoma hapo juu kwamba bakteria hupita mpaka unaoonekana bila kelele. Kikonyo kizuri, kinene, chenye macho matano, kutoka kwenye mti ulio mita kumi kutoka kwa mgonjwa, kinaweza kuwa kimembeba na wewe usijue, na utepe wako usijue. Huyu amevuka bahari mara nyingi: New Zealand mwaka 1919, Kent huko Uingereza mwaka 1957, Misri miaka ya 1960, Morocco mwaka 2006. Nyenzo za kupandia ndizo nauli yake nzuri kuliko zote. Tunda lililokomaa lisilo na dalili si hatari namna hiyo. Marekani na Japani walifikishana Shirika la Biashara Duniani kwa jambo hilo na mwaka 2003 Japani ikashindwa. Tawi ni kitu kingine.

Ukitaka Gala ifike Lushoto, anzia kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Arusha, uombe kibali cha kuingiza, ununue miche kwa mzalishaji anayekaguliwa na nchi yake, ikae karantini. Itachukua muda mrefu kuliko begi lako. Wakati huohuo niandikie matokeo ya utepe wa pili, na unitumie picha ya gome lililochanwa, si ya tawi jeusi.